Mgeni, Mlango na Mwili: Kuusoma Upya Waraka wa Pili wa Yohana

Mwaka 2023, katika zile wiki ambazo redio ilikuwa haina habari nyingine ila makaburi ya Shakahola, msitu wa Kenya walikozikwa wafuasi wa mhubiri mmoja, jumuiya yetu ilikuwa ikisoma Waraka wa Pili wa Yohana. Mama mmoja alifunga Biblia yake, kidole kikiwa bado kimebaki ndani ya ukurasa, akauliza: "Mimi nimelelewa nikiambiwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Na Waebrania inasema wengine wamewakaribisha malaika pasipo kujua. Sasa Yohana ananiambia mtu akija nisimpe hata salamu. Nishike lipi?"

Hatukumjibu vizuri. Mimi nilisema maneno mawili matatu juu ya upendo na hekima, wengine wakaitikia, tukafunga kwa sala. Lakini swali lake halikuwa la maneno mawili matatu, na naamini wapo wengi wanaoliuliza moyoni. Aya aliyoishika ni hii: "Mtu akija kwenu, naye haleti mafundisho hayo, msimkaribishe nyumbani mwenu, wala msimpe salamu."

Waraka wenyewe una aya 13 tu, unamalizika kabla chai haijapoa. Mwandishi anajiita Mzee. Anamwandikia "mama mteule na watoto wake", ambaye wengine humwona kuwa mwanamke mwenye nyumba na wengine huona ni usharika mzima uliopewa jina la heshima. Ndani ya aya nne za kwanza neno "kweli" limetajwa mara tano, na limefungamanishwa na upendo tangu mwanzo: anawapenda katika kweli, na anafurahi kwamba watoto wa mama huyu wanaenenda katika kweli. Angalia kitenzi. Kwa Mzee, kweli si kitu cha kukariri na kuweka kabatini, ni njia ya kuenenda. Kwa hiyo anapofika kwenye suala la mlango, hajaacha habari za upendo na kuanza habari nyingine. Bado yuko pale pale.

Tuanze na nyumba. Wakristo wa karne ya kwanza hawakuwa na majengo ya ibada. Kanisa lilikutana kwa mtu: kwa Priska na Akila, kwa Filemoni, kwa Nimfa. Wahubiri wengi nao walikuwa wasafiri. Walitoka mji hadi mji, wakilala na kula kwa waumini, na jioni watu wa mtaa wakiitwa kuja kumsikiliza mgeni. Kumkaribisha mhubiri nyumbani kulikuwa kumpa malazi, kumpa chakula na kumpa mimbari, vyote kwa mpigo. Akiondoka, mwenyeji alimsafirisha kwa posho na maneno mema, na maneno hayo yakamfungulia mlango wa mji unaofuata.

Ukiiona picha hiyo, katazo la salamu linaeleweka. Haikatazwi salamu ya asubuhi kwa jirani mnayekutana kisimani. Inakatazwa ile salamu ya mwenye nyumba inayouambia mtaa mzima kwamba huyu ni mwenzetu, msikilizeni. Ndivyo wafafanuzi wengi wanavyoielewa, nami nakubaliana nao, kwa sababu Mzee mwenyewe anatoa sababu: "Maana yeye ampaye salamu azishiriki kazi zake mbovu." Kumuuliza mtu hali yake barabarani hakukufanyi mshirika wa kazi yake. Kumpa kipaza sauti kunakufanya.

Na kuna ushahidi mzuri kwamba jambo hili liliwasumbua waumini wa kawaida. Kipo kitabu kidogo cha mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili kiitwacho Didake, yaani Mafundisho. Kilipotea kwa karne nyingi hadi Philotheos Bryennios, kiongozi wa Kanisa la Kiorthodoksi, alipokikuta katika maktaba huko Constantinople mwaka 1873, akakichapisha 1883. Ndani yake unawaona watu wakihangaika na swali lile lile la mama yetu. Mtume akija, kinasema, apokewe kama Bwana mwenyewe. Akae siku moja, na ikibidi, ya pili. Akikaa siku tatu, huyo ni nabii wa uongo. Anapoondoka apewe mkate wa kumfikisha anakokwenda kulala. Akiomba fedha, nabii wa uongo. Akiagiza katika roho kwamba meza iandaliwe, halafu akala yeye, nabii wa uongo. Lakini akisema watu watoe kwa ajili ya wengine wenye shida, mtu asimhukumu. Na mgeni wa kawaida anayetaka kuhamia hapo mjini afanye kazi ndipo ale. Asipokubali, Didake ina neno kwa ajili yake, neno linalomaanisha mtu anayemfanyia Kristo uchuuzi.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sijui kama yupo aliyelelewa kwa Kiswahili anayeweza kusoma ukurasa ule bila methali hii kumjia mdomoni. Watu wale walijua kama wazee wetu walivyojua kwamba ukarimu usio na kipimo humnenepesha tapeli na kumchosha mwenyeji, na siku mgeni wa kweli akibisha hodi hakuna wa kumfungulia. Kipimo kiliwekwa ili mlango uendelee kufunguka.

Neno hilo, kipimo, limo ndani ya waraka wenyewe, ila wengi hatulioni. Aya ya 9 inasema: "Kila apitaye cheo, wala asidumu katika mafundisho ya Kristo, yeye hana Mungu." Msomaji wa leo akikutana na "cheo" anafikiri madaraka. Nimewahi kusikia aya hii ikihubiriwa dhidi ya wazee wa kanisa wanaojipandisha ngazi. Lakini Biblia ya Union, iliyotoka mwaka 1952, imelitumia neno hili kwa maana yake ya zamani ya kipimo, kama fundi cherehani anavyochukua cheo cha nguo. Kupita cheo ni kuvuka kipimo. Kigiriki chake kinasema kwenda mbele, kutangulia. Anayezungumziwa ni mhubiri anayejiona amemwacha nyuma Kristo wa Injili, amefika penye siri ambazo Petro na Yohana hawakuzijua.

Hapa ndipo mwalimu wa uongo anapoweza kutambulika mapema zaidi, kabla hajaomba hata shilingi. Mara nyingi hamkatai Yesu; jina la Yesu linatajwa katika kila sentensi yake. Anachofanya ni kuongeza. Hayo mliyofundishwa ni maziwa, njooni niwape nyama. Bwana amenionyesha jambo ambalo makanisa yamefichwa. Nyongeza hiyo huanza kwa unyenyekevu, kama kitu cha kukamilisha Injili, na baada ya muda Injili inasomwa ili kuthibitisha nyongeza. Ukifika hapo, anayeshika ufunguo wa wokovu si Kristo tena bali yule aliyefunuliwa.

Mzee hakuishia kwenye onyo la jumla. Alilitaja kosa lenyewe: wadanganyifu hawa hawakiri "ya kuwa Yesu Kristo yuaja katika mwili". Hapa ndipo penye kiini cha waraka huu, ingawa wahubiri wengi hupapita haraka wakidhani ni mambo ya vitabuni.

Walikuwapo watu walioona kwamba mwili ni kitu duni mno kwa Mungu kujihusisha nacho. Wakasema Kristo alionekana tu kama mtu. Alionekana kula, alionekana kuchoka, msalabani alionekana kuteswa. Wanahistoria huwaita Wadoketi, kutokana na neno la Kigiriki la "kuonekana kama". Usidhani walikuwa watu wa dini nyepesi. Walisikika wa kiroho kuliko wenzao wote. Dhidi yao waraka wa kwanza wa Yohana unaanza kwa habari ya vitu vya kushikika: tulilolisikia, tulilolitazama kwa macho yetu, na mikono yetu ikalipapasa. Luka naye anasimulia kwamba Yesu aliyefufuka alipewa kipande cha samaki, akala mbele yao.

Mimi mwenyewe niliichukulia hoja hii kuwa ya wanateolojia mpaka niliposoma barua za Ignasio, askofu wa Antiokia. Mwanzoni mwa karne ya pili alikuwa akipelekwa Roma chini ya ulinzi wa askari, akatupwe kwa wanyama wakali, na njiani akawa anaandika. Katika barua kwa Wakristo wa Smirna anasema: kama Bwana aliyafanya hayo kwa kuonekana tu, basi hata minyororo yangu ni ya kuonekana tu. Kisha anawataka wawatazame vizuri watu wa mafundisho haya. Hawajali upendo, anasema. Hawamjali mjane wala yatima, wala aliyefungwa, wala mwenye njaa, wala mwenye kiu.

Ignasio angeweza kuwashambulia kwa falsafa. Yeye aliwaelekeza watu kwenye sufuria ya mjane. Ukishafundishwa kwamba mwili wa Bwana ulikuwa kivuli, njaa ya mtoto wa jirani inaanza kuwa kivuli nayo.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi la kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya nyumba ya ibada. Siku zilizofuata yakapatikana makaburi mengine ya halaiki katika maeneo ya kundi hilo. Kabla ya hapo wafuasi walikuwa wameuza mali zao, walikuwa wakifunga mara kwa mara, tendo la ndoa lilikatazwa hata kwa mume na mke, na mazungumzo yalipunguzwa hadi ishara za mikono ili ulimi usitende dhambi. Mwisho wa dunia walioambiwa haukuja walivyoutazamia.

Miaka 23 baadaye, Aprili 2023, polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, bara ya Malindi. Miili ilipita 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Uchunguzi wa maiti ulionyesha dalili za njaa kwa wengi, na wengine dalili za kunyongwa au kupigwa. Mhubiri Paul Mackenzie amefikishwa mahakamani pamoja na wenzake kwa mashtaka yakiwamo ya mauaji na ugaidi. Upande wa mashtaka unasema waumini walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mackenzie ameyakana mashtaka hayo, na hukumu ni kazi ya mahakama. Lakini mahubiri ya kukataa shule na hospitali kama mambo ya shetani yalisikika hadharani miaka kadhaa kabla ya msitu, kwenye televisheni na mtandaoni, na watu walikuwa wakisema Amina.

Kwa maelezo yaliyotolewa, watoto ndio waliotangulizwa katika kunyimwa chakula. Ninapoandika sentensi hii namkumbuka binti wa Yairo. Alikuwa na umri wa miaka 12. Yesu alimshika mkono, akamwita kwa lugha ya nyumbani kwao, Talitha, kumi, yaani msichana, inuka, naye akasimama. Nyumba nzima imeduwaa mbele ya muujiza, na neno la Yesu baada ya kuwaonya wasieneze habari ni kwamba apewe chakula. Marko ameliandika hilo mwishoni kabisa mwa kisa, kama mtu asiyetaka lisahaulike. Aliyemfufua alijua mtoto ana njaa.

Huyo ndiye Kristo aliyekuja katika mwili, na mafundisho yake yanapimwa hapo. Paulo alimwandikia Timotheo juu ya watakaowazuia watu wasioe na kuwaamuru wajiepushe na vyakula ambavyo Mungu aliviumba vipokewe kwa shukrani, na akayaita hayo mafundisho ya mashetani. Maneno makali, na katika nchi zetu tumeona kwa nini. Kufunga ni jambo jema, nami nafunga. Isaya 58 inaeleza saumu aliyoichagua Bwana: kumgawia mwenye njaa chakula chako, kumvika aliye uchi. Mfungaji anajinyima ili mwingine ale. Saumu inayomnyima mtoto asiyejua hata kwa nini ananyimwa ni ibada ya mungu mwingine.

Najua hatari iliyo upande wa pili, na sitaki kuipita. Katika mitaa yetu neno "mafundisho ya uongo" linarushwa kama jiwe. Wanaobatiza kwa maji mengi wanawarushia wanaonyunyiza, wa Jumamosi wanawarushia wa Jumapili, waliookoka wanawarushia wasioshuhudia kwa sauti, na Wakatoliki na Waprotestanti tumerushiana miaka mingi. Tofauti hizo ni za kweli na zinafaa kujadiliwa kwa uzito. Lakini Mzee hakuzifungia mlango wa nyumba. Alichora mstari mmoja mwembamba, kumhusu Kristo mwenyewe, na akawaachia waumini uwanja mpana ndani yake.

Tena waraka unaofuata, wa tatu, unamtaja mtu aliyependa kufunga milango. Anaitwa Diotrefe, "apendaye kuwa wa kwanza kati yao". Aliwakataa ndugu wasafiri, akawazuia waliotaka kuwapokea, na akawafukuza kanisani. Katika waraka huo huo Gayo anasifiwa kwa sababu aliwapokea wageni. Mwandishi aliyesema msimkaribishe mmoja ndiye aliyemkemea aliyekataa kuwakaribisha wengine. Kuna wanaolinda kundi, na kuna wanaolinda kiti. Wote wawili hutumia maneno yale yale.

Shida ya leo ni kwamba mgeni hapigi hodi. Mama ameketi barazani jioni anachambua mchele kwenye ungo, simu ameiegemeza kwenye kikombe. Mtumishi anasema naye kama anamfahamu: wewe unayenisikiliza sasa hivi, kuna mtu katika ukoo wenu amekufunga. Andika Amina. Chini ya uso wake inapita namba ya kutuma sadaka. Mama anafuta vidole kwenye kanga, anaandika Amina, kisha anaituma video ile kwenye kundi la familia. Hiyo ya mwisho ndiyo salamu aliyoizungumzia Mzee. Watu 40 wameipokea kutoka kwa mtu wanayemwamini.

Kipimo cha siku tatu hakimfikii mgeni huyu, maana amekuwa nyumbani miaka mitatu na hakuna aliyewahi kumwona akila. Didake inasema nabii hujulikana kwa kuwa na mienendo ya Bwana, na mienendo haionekani kwenye kioo cha simu. Humwoni anavyosema na mke wake, anavyomlipa mlinzi wake, anavyopokea habari kwamba amekosea. Ndiyo maana mimi humuuliza mtu anayenisifia mhubiri wa mbali swali moja kabla ya mengine: ni nani anayeweza kumwambia hapana, na akasikia? Kama hakuna mzee, baraza, sinodi, wala mchungaji mwenzake, nyumba hiyo haina dirisha. Swali langu la pili linahusu mwili. Anasema nini juu ya dawa zako za sukari, ada ya mtoto, chakula, mume au mke wako? Mhubiri anaweza kukuombea upone na kukuambia umeze dawa. Wako wengi wanaofanya hivyo na Mungu awabariki. Anayekuambia uzitupe ili kuonyesha imani amekwisha kujibu.

Na kuuliza si uasi. Watu wa Beroya walihubiriwa na Paulo mwenyewe, wakayachunguza Maandiko kila siku "waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo". Luka hakuwaita wenye shaka. Aliwaita waungwana.

Wiki iliyofuata nilimrudia yule mama na sehemu ya haya niliyoyaandika. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaniambia lililokuwa nyuma ya swali lake. Mdogo wake alikuwa ameacha kazi, amehamia kwa kundi moja la maombi mbali na mji, na hakupokea tena simu za nyumbani. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa video. Mama alikuwa ameogopa kwamba Yohana anamwambia amfungie mlango mdogo wake.

Nikamwambia Yohana hasemi hivyo. Mdogo wako hakuja kwako na mimbari, amebebwa na mimbari ya mwingine. Juu ya watu kama yeye Waraka wa Yuda unasema tuwahurumie wenye shaka, na wengine tuwaokoe "kwa kuwanyakua katika moto". Shakahola nako walikuwapo ndugu waliokwenda kuwatafuta watu wao, wakapiga kelele kabla Serikali haijasikia. Nikamsomea na mwisho wa waraka, ambao huwa tunaupita kama salamu za kufungia barua: Mzee anasema ana mengi ya kuandika, lakini hataki kuyasema kwa karatasi na wino, anatumaini kuja na kuzungumza nao ana kwa ana.

Jumamosi ile mama alipanda basi la alfajiri. Katika kapu alikuwa na mchele kilo mbili, samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti, na sweta, maana huko kuna baridi.